Urithi wa Kaunti ya Knott na Hati Zilizotiwa Alama ya X

Hotuba ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za maendeleo za sharika



Mada tuliyopewa ni urithi wa jamii. Tumechagua mfano wa mbali, Kaunti ya Knott katika milima ya Appalachia, mashariki mwa jimbo la Kentucky, Marekani, kwa sababu wengi wetu hudhani wanyonge wa ardhi wako huku kwetu tu.

Knott ilianzishwa mwaka 1884. Makao yake makuu, Hindman, ni mji mdogo kando ya kijito kiitwacho Troublesome, yaani Msumbufu. Wenyeji walilima mahindi miteremkoni na kutengeneza dulcimer, ala ya nyuzi inayolazwa mapajani ikipigwa. Mwaka 1902 akina mama wawili, May Stone na Katherine Pettit, walifungua hapo shule ambayo taasisi yake ingali ipo. Mkutubi wake wa baadaye, mwandishi James Still, alibeba vitabu kwa miguu hadi shule za chumba kimoja huko mabondeni.

Lakini chini ya mashamba yale kulikuwa na makaa ya mawe. Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, mawakala walipita nyumba kwa nyumba wakinunua haki ya madini, pengine kwa senti 50 tu kwa eka. Wengi hawakujua kusoma. Waliweka alama ya X. Walidhani wameuza kilicho chini na kubaki na shamba. Kumbe hati zilimruhusu mwenye madini kutumia ardhi ya juu apendavyo, bila kudaiwa fidia. Siku hizo watu walichimba kwa sururu. Baadaye yakaja makatapila ya kukata mlima, na mwaka 1956 mahakama ya juu ya Kentucky ikasema hati zile zinaruhusu hata hilo.

Novemba 1965, mjane wa miaka 61, Ollie Combs, alijilaza mbele ya katapila juu ya nyumba yake. Maofisa wakambeba mzobemzobe hadi jela, na Sikukuu ya Shukrani, ambayo Wamarekani hula pamoja na jamaa, akaila humo. Picha yake ilienea, na mwaka 1966 jimbo likapitisha sheria kali zaidi ya uchimbaji. Hata hivyo hati zilibaki na nguvu mpaka mwaka 1988, zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura walipokubali kubadili katiba ya jimbo; mahakama ilithibitisha mwaka 1993. Sisi tuliozoea miradi ya miaka mitatu tuhesabu: tangu mjane yule alale chini ni miaka 28.

Julai 2022 Troublesome kilifurika usiku. Mashariki mwa Kentucky walikufa watu zaidi ya 40, na Knott ndiyo iliyopoteza wengi zaidi. Maji yakaingia kwenye hifadhi ya nyaraka ya shule: picha na barua za miaka zaidi ya mia. Watumishi na waliojitolea walizitoa tope na kuzianika. Wapo watakaouliza kwa nini kuhangaikia picha wakati watu hawana pa kulala. Shule ile ilifanya yote mawili. Iliwalaza na kuwalisha waathirika.

Baada ya chai tutajadili hati za viwanja vya sharika zetu na daftari za ubatizo: ziko wapi, na nani ana nakala.