Utumwa na Kura
(Maneno yaliyosemwa barazani Isinya)



Huenda mmoja wenu auliza: "Utumwa watuhusu nini sisi wa Isinya? Hilo lilikuwa jambo la pwani." Swali hilo ni la haki. Lakini fikira iliyouzaa utumwa haikukaa pwani peke yake.

Fikira hiyo ni ya kale. Aristotle, mwenye hekima wa Uyunani, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita ya kwamba wako watu waliozaliwa kuwa watumwa. Na huko Uyunani, demokrasia ilikozaliwa, mtumwa hakuwa na neno barazani, wala mwanamke.

Kwetu, soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza. Sheria ya kuondoa utumwa wenyewe ilitoka Unguja mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907. Minyororo ilifunguliwa, lakini ardhi haikugawanywa. Wengi walioachwa huru waliendelea kulima mashamba yasiyo yao.

Fikira ile nayo ikavaa nguo mpya. Mwaka 1957 Waafrika wa Kenya walipowachagua kwa mara ya kwanza wajumbe wao 8 wa Baraza la Kutunga Sheria, si kila mtu mzima aliyeruhusiwa. Palipimwa elimu, mali na mapato. Mmoja aliweza kupata kura 3, na jirani yake asipate hata 1.

Iko hatari ya pili, nayo ni kisasi. Unguja, kumbukumbu ya utumwa ilichochewa katika siasa, na katika mapinduzi ya Januari 1964 Waarabu wengi waliuawa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa baada ya utumwa kukomeshwa.

Basi, akisimama mtu na kusema kwamba ukoo fulani, au wanawake, au wageni walionunua shamba juzi hawafai kuwa na neno, jueni asemalo ni kongwe. Na akija mwingine kutaka mjukuu alipe kwa damu deni la babu yake, msimfuate.

Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 30, yakataza utumwa. Katika ibara ya 38 yampa raia mzima haki ya kupiga kura. Kura ya mchunga ng'ombe na ya tajiri zina uzito mmoja. Tuutunze uzito huo.