Pia za Watoto wa Ireland



Kamati imenipa dakika chache nizungumze juu ya nchi niliyohamia baada ya kustaafu. Nimechagua jambo dogo: pia.

Zamani, mtoto wa shamba huko Ireland aghalabu hakununuliwa pia, aliitengeneza mwenyewe. Alingoja mama yake amalize uzi wa kushonea, akakichukua kile kigogo kitupu cha mti, akakikata katikati na kukichonga upande mmoja hadi kikachongoka. Tundu akaliziba kwa kijiti, na nchani akapigilia msumari. Mjeledi ulikuwa fimbo iliyofungwa kamba au ukanda wa ngozi. Kamba ilizungushwa kwenye pia, ikavutwa kwa ghafula, na pia ikaanza kuvuma. Tangu hapo ni kuichapa tu isije ikalala. Mshindi ni yule ambaye pia yake ilianguka mwisho. Palikuwa na pia nyingine, ya kurushwa kwa kamba ndani ya duara lililochorwa chini, nia ikiwa kuigonga ya mwenzio na, Mungu akijalia, kuipasua. (Wajukuu naona mmeamka.)

Haya tumeyajuaje? Kati ya 1937 na 1939, tume ya serikali iliyokusanya mapokeo, ikishirikiana na walimu, iliwapa kazi watoto wa shule za msingi zipatazo 5,000: nendeni mkawaulize wazee wenu, kisha mwandike. Dawa, methali, hadithi, michezo. Waandishi walikuwa wa miaka 11 hadi 14 hivi. Madaftari yao yamehifadhiwa University College Dublin, na sasa yanasomeka pia kwenye intaneti. Nimeyasoma baadhi: mwandiko wa mtoto, na mara nyingi jina la mzee aliyeulizwa.

Hapo ndipo niliposhikwa na huzuni. Pia yangu ya kwanza nilichongewa na marehemu kaka yetu mkubwa, ambaye wengi wenu mlimwita Babu. Nimetumikia serikali miaka thelathini, nikafungua jalada la kila kitu, na sikumwuliza kamwe aliichonga kwa mti gani. Dada yetu aliyeketi pale mbele anajua. Nilipomwuliza jana alinijibu kwamba nimechelewa. Atamweleza mtoto, si mimi.

Nimeleta daftari na kalamu mbili. Ziko mezani, karibu na birika la chai.