Programu ya Kutembea Ianze na Njia ya Mama

Leo tunaangalia programu za simu za kuhimiza watu kutembea. Je, vijana wanaozitengeneza wafanye nini ili zimfae mama wa Thika na Ruiru?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, kama vile kutembea kwa haraka. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea hupunguza hatari ya kisukari, shinikizo la damu na ugonjwa wa moyo.

Programu nyingi hudai hatua 10,000 kila siku. Idadi hiyo haikutoka kwa daktari. Ilitokana na jina la kifaa cha kuhesabu hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Tena, simu huhesabu inavyotikisika yenyewe. Ukiiacha mezani ukaenda kuteka maji, hupati hata hatua moja. Kwa hivyo programu yetu ihesabu dakika, na mama aweze kuziandika mwenyewe. Itumike pia kwenye kabambe bila kumaliza bando, kama M-Pesa ilivyofanya tangu mwaka 2007.

Lakini kubwa zaidi ni usalama. Njia fupi kwenye ramani yaweza kukuvusha barabara kuu ya Thika mahali pasipo na daraja la wanaotembea kwa miguu, nawe una mtoto mgongoni. Mashine haijui hilo. Wewe unajua. Mwaka 2009 vijana wa Kibera walichora ramani ya mtaa wao, wakaonyesha kliniki, vyoo na mahali pa maji. Nasi tunaweza.

Siku ya chama, chukueni daftari. Kila mmoja ataje njia anayopita, saa anayopita, penye giza, penye matope wakati wa mvua, na mahali salama pa kuvukia. Mpeni mhudumu wa afya wa jamii na kijana mtengenezaji. Mwambieni pia kwamba programu isimwonyeshe mtu mwingine mama yuko wapi.

Kumbuka: dakika 150 kwa wiki, njia salama, na siri yako ilindwe. Usingoje programu; anza leo na jirani yako. Ukiwa mjamzito au mgonjwa, muulize muuguzi kwanza.