Mbao za plastike na nyuzi za mugomba: tupime kwanza, tukalie kisha



Kila mvua ikinyesha, plastike inashuka ku milima, inaingia mu Ziwa Kivu, inaenda kuziba barrage ya Ruzizi. Kisha tunabakia mu giza. Sasa kuko wazo la kuyeyusha plastike ile, kuichanganya na nyuzi za mugomba na kutosha mbao za viti vya masomo. Tunaliunga mukono. Lakini kiti kinapashwa kubeba batoto kila siku, miaka na miaka.

Tuelewane namna mbao hiyo inafanya kazi. Nguvu iko mu nyuzi: ukizivuta kwa urefu, hazikatike mbio. Plastike inazishika pamoja na kuzigawanyia uzito. Ikikosa kushikamana nazo, nyuzi zinachomoka na mbao inapasuka. Shida ni kwamba nyuzi zinakunywa maji, plastike inayakataa. Ndiyo maana nyuzi zinaoshwa na soda kali, zinasukutuliwa na kuanikwa mpaka zikauke kabisa. Nyuzi zenye maji zinaacha matundu ndani ya mbao.

Tena, nyuzi za mimea zinaanza kuharibika karibu na digri 200. Plastike ya sashe na ya bidoni za njano inayeyuka karibu na 130, hapo hakuna shida. Lakini chupa za maji na za sukari zinaomba karibu 250: nyuzi zitakuwa zimeungua. Kwa hiyo tusiambiwe kwamba mbao hizi zitamaliza chupa zote za Ruzizi. Chupa zitafutiwe njia yao.

Tunaomba viongozi wa muji mambo tatu:

1. Kila aina ya mbao ipimwe mbele ya watu: iwekwe juu ya nguzo mbili, uzito uongezwe katikati mpaka ivunjike. Ingine ilowekwe kwanza mu maji, kisha ipimwe vilevile.
2. Matokeo yabandikwe ku komini, hata kama ni mabaya.
3. Amri ya 30 desemba 2017 yenye kukataza sashe iheshimiwe. Kuokota bila kufunga chanzo ni kazi isiyoisha.

Na sisi vijana, siku ya salongo tuanze kutenga: bidoni na sashe huku, chupa kule. Hiyo haiombe ruhusa ya mutu.