Msilaumu Betri Kabla ya Kupima

Mazungumzo ya mwanakikundi mmoja mbele ya vikundi vya kujisaidia vya ufuo wa ziwa, karibu na Kisumu



Nimeombwa nizungumze juu ya gari la kikundi. Wengi wetu hapa tuna pikapu moja kuukuu ya kupeleka samaki Kisumu, na ikilala hiyo, kikundi chote kimelala. Naanza na aibu yetu wenyewe.

Letu lilikuwa likitoka Asembo Bay saa tisa usiku ili mbuta wafike sokoni mapema. Usiku mmoja taa zikafifia, injini ikakohoa, ikazima kabla hatujafika Kisian. Barafu ikayeyuka, samaki wakaharibika. Tukachanga, tukanunua betri mpya. Wiki tatu baadaye, mambo ni yale yale. Tukanunua nyingine. Mara ya tatu mkutano ukawa moto: ati dereva anauza betri nzuri mjini na kutuwekea kuukuu! Kijana wa watu akaachishwa kazi. Kumbe kosa lilikuwa mkanda wa feni uliolegea.

Sikilizeni basi. Betri ni kama mtungi, inaweka tu. Anayeteka ni alternata, nayo huzungushwa na mkanda huo. Mchana gari halitumii umeme mwingi, kwa hiyo mkanda uliolegea huweza kujikaza. Usiku, taa mbili kubwa za mbele peke yake hula kama ampea 9. Alternata inakuwa nzito, mkanda unateleza, betri inaliwa bila kurudishiwa. Ndiyo maana gari letu lilikuwa zima mchana na gonjwa usiku, nasi tukamshuku mtu.

Anzeni na macho na vidole, injini ikiwa imezimwa. Bonyezeni mkanda katikati ya sehemu yake ndefu kwa kidole gumba. Ukibonyea kama sentimita moja, sawa. Ukizidi, ukazeni. Ukiwa na nyufa au unang'aa kama kioo, nunueni mwingine. Kisha vichwa vya betri: ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme. Fungueni kwanza waya wa hasi, osheni kwa maji ya magadi, yale yale akina mama wanayotilia mboga, lakini yasiingie ndani ya betri. Kausheni, kazeni, waya wa hasi urudi mwisho.

Tazameni pia taa ya chaji. Mkiwasha ufunguo lazima iwake, injini ikinguruma izime. Isipowaka kabisa, msifurahi! Huenda balbu imeungua, na katika magari mengi ya zamani alternata haianzi kuchaji bila umeme unaopita kwenye balbu hiyo. Ikiwaka njiani, simameni. Mara nyingi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, na ukikatika injini itachemka.

Sasa mita ya volti. Kikundi kinunue yake. Gari likilala usiku kucha, betri iliyojaa huonyesha kama volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki nusu. Injini ikizunguka, tafuteni 13.8 hadi 14.4. Halafu washeni taa zote, hapo ndipo sisi tungalijua mapema. Ikishuka chini ya 13 na mkanda ni mzuri, pimeni kwenye alternata yenyewe. Kule kukiwa 14, ubaya uko kwenye waya au viungo. Kote kukiwa chini, mwiteni fundi wa umeme wa magari, mmwombe aangalie kaboni kwanza, maana kaboni ni rahisi kuliko alternata nzima. Na ikipita 15, betri inachemshwa, maji yake yatakauka. Ongezeni maji ya betri tu, si ya ziwa.

Jambo moja nakataza: kung'oa waya wa betri injini ikizunguka, ati mnapima chaji. Desturi hiyo ni ya siku za dainamo. Kwa alternata, mnaweza kuiunguza papo hapo.

Yule dereva tulimwendea nyumbani, wazee watatu, tukamwomba radhi mbele ya mkewe. Amerudi kazini, na leo ndiye aliyenileta hapa. Haya, twendeni nje akatufungulie boneti. Mita ninayo, magadi yako kwenye kile kikapu.