Bonasi, Hasira na Hesabu: Mada kwa Wakulima wa Chai wa Litein



Nimeombwa nieleze misingi ya fikra tunduizi. Mfano nitakaoutumia ni bonasi, kwa sababu hakuna jambo linalotugawanya zaidi hapa Bureti kuliko hilo.

Mwaka 2025 bonasi ilipotangazwa, wakulima wa Kericho na Bomet waliingia barabarani. Walikuwa na haki ya kukasirika. Aliyechuma mwaka mzima, mvua ikimnyeshea mgongoni, lazima aambiwe pesa yake imepita wapi. Lakini sikilizeni hoja iliyovuma sana: mwaka jana tulilipwa vizuri, mwaka huu vibaya, kwa hivyo wakurugenzi wa kiwanda wamekula. Pengine wamekula. Hoja hiyo, hata hivyo, haithibitishi lolote. Imetaja miaka miwili tu, kisha ikajichagulia mkosaji.

Tupige hesabu pamoja. Chai yetu huuzwa kwenye mnada wa Mombasa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160; kufikia Agosti mwaka huohuo ilikuwa imeshuka hadi 129 hivi. Tuseme kilo ya chai kavu iliuzwa dola mbili nyakati zote mbili. Mwanzoni ilileta shilingi 320, baadaye 258. Zimepotea 62. Kilo moja ya chai kavu huhitaji takriban kilo nne na nusu za majani mabichi, kwa hivyo kila kilo uliyobeba hadi kituoni imepungukiwa na shilingi 14 hivi, na hakuna aliyeiba hata senti. Si chai yote ya mwaka ule iliuzwa dola ikiwa 160, kwa hiyo pengo halisi ni dogo kuliko hilo. Hata hivyo mtaona jinsi linavyouma, kwa kuwa malipo ya kila mwezi yamepangwa kwa shilingi na bonasi ni kile kinachobaki baada ya gharama zote. Bei ikitikisika kidogo, bonasi ndiyo inayoanguka.

Je, tumemsafisha mkurugenzi? Hapana. Hapo ndipo wengi hukosea upande wa pili: wakishapata sababu moja, huitumia kueleza kila kitu. Wakulima wa Kirinyaga na Murang'a huuza kwa dola ileile, mnada uleule, na bado bonasi yao hutushinda mara nyingi. Kinachowapata wote sawasawa hakiwezi kueleza tofauti iliyopo kati yao. Kwa hiyo tofauti ya mashariki na magharibi mwa Bonde la Ufa tuitafute penginepo: bei ya chai ya kiwanda chetu mnadani, gharama ya kuni na umeme, mikopo, na ubora wa majani.

Ubora tunaujua kwa mikono yetu. Fungua gunia lililoshindiliwa tangu asubuhi likisubiri lori: katikati kuna joto, na majani yameanza kuwa mekundu kabla hayajafika kiwandani. Majani mawili na chipukizi uliyoyachuma vizuri yamekwisha kuharibika. Na tunapopeleka mengine soko huru, kwa wanunuzi wa nje ya kiwanda chetu, gharama za kiwanda hazipungui. Hugawanywa kwa kilo chache zaidi.

Anayesema haya kwenye mkutano huambiwa, "Wewe shemeji yako ni karani." Huko ni kumshambulia msemaji na kuiacha hoja yake. Shemeji awe karani au asiwe, lori limefika saa ngapi?

Kosa jingine ni kujifungia kwenye njia mbili tu. Mei 2023 mashine za kuchuma chai zilichomwa moto Kericho. Mjadala ulikuwa umebanwa: mashine au kazi. Mama anayelisha watoto kwa kuchuma ana hofu ya kweli, na sitaki mtu aipuuze. Lakini swali la nani anamiliki mashine, na faida yake inakwenda kwa nani, halikupata nafasi. Kosa la tatu ni kuchukua tangazo kuwa ndilo tokeo: mwaka 2021 serikali ilipoweka bei ya chini kabisa, dola 2.43 kwa kilo mnadani, tulishangilia kana kwamba kutangaza bei ni sawa na kupata mnunuzi. Chai nyingi ilirudi ghalani bila kuuzwa.

Ubunifu nao upimwe hivyo. Chai ya zambarau, aina ya TRFK 306, ilitolewa kwa wakulima mwaka 2011 na ni kazi nzuri ya watafiti wetu. Kabla ya kung'oa miche ya kijani, uliza kiwanda gani kitaisindika peke yake na nani atainunua.

Wakipsigis hatukosi mahali pa kuuliza. Kwenye kokwet, baraza letu la ujirani, hakuna hukumu kabla pande zote mbili hazijasikika, na hata mnyonge husema. Mkutano wa kituo cha majani unaweza kuendeshwa vivyo hivyo.

Napendekeza kituo kimoja kianze na daftari kwa mwezi mmoja: saa ambayo mkulima wa kwanza amepima, saa ambayo lori limefika, kilo zilizopimwa, kilo zilizokataliwa na sababu yake. Vijana waliomaliza sekondari waliandike. Kamati nayo iombe kiwanda kwa maandishi bei ya wastani ya mnadani kwa kila kilo, gharama ya kusindika kilo moja, na salio la mikopo, kisha iombe takwimu hizohizo kutoka kiwanda jirani. Karatasi hizo ziwe mezani kabla ya mkutano mkuu wa wenye hisa, na mkurugenzi wa eneo ajibu safu moja baada ya nyingine.