Mtoto Anayeogopa Kuinua Mkono



Leo hatukuja na habari za mbuzi wa maziwa wala mikopo. Tumekuja kuzungumza juu ya wale watoto ambao vikundi vyenu vinawachangia karo. Mnauza mayai, mnakusanya pesa za mzunguko, mtoto anaingia sekondari. Halafu anakaa nyuma ya darasa miaka yote bila kufungua mdomo. Swali analo, lakini anaogopa kuchekwa. Akianguka hesabu mara mbili anasema, "Kichwa changu si cha hesabu," basi, anaacha kujaribu. Wengine tumbo huwauma kila Jumatatu asubuhi. Mwishowe mtoto anarudi nyumbani, karo imepotea, na watu wanasema ni mvivu.

Mara nyingi si uvivu. Mtoto hajiamini. Na kujiamini hufundishwa, kama vile kupanda mahindi kwa mistari kulivyofundishwa.

Hapa kwetu Kenya kuna mfano. Mpango uitwao Shamiri (ni neno letu la Kiswahili, yaani kusitawi) ulijaribiwa katika shule za sekondari, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Walishiriki vijana 413 wa miaka 12 hadi 19, waliokuwa na dalili za huzuni nzito au wasiwasi mwingi. Walikutana kwa makundi, saa moja kwa wiki, wiki nne tu. Walioongoza hawakuwa madaktari, walikuwa vijana waliomaliza sekondari juzi juzi, wakapewa mafunzo mafupi. Wanafunzi wengine walifundishwa mbinu za kusoma, ili pande mbili zilinganishwe. Wote walipata nafuu, lakini wale wa Shamiri walipata zaidi.

Walifundishwa nini hasa? Jambo kubwa ni kwamba uwezo wa mtu hukua. Akili ni kama mkono wa mkulima, hupata nguvu kwa kazi. Hebu angalieni Kiswahili chetu: "sijui" na "sijajua" si kitu kimoja. Anayesema "sijui" amefunga mlango. Anayesema "sijajua" yuko njiani. Mwanafunzi akieleza kundi lake jambo lililomshinda zamani na jinsi alivyoliweza, hata kama ni kukama ng'ombe, wenzake wanasikia na yeye mwenyewe anajisikia. Pia walifundishwa kushukuru, na kutambua mambo wanayoyathamini maishani.

Lakini saa moja darasani haiwezi kushinda matusi ya wiki nzima. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, ila ulimi bado unachapa. "Wewe mjinga kama baba yako!" "Angalia mtoto wa jirani!" Maneno hayo tunayasikia shuleni na pia majumbani mwetu, tusidanganyane.

Tena, mtoto anayesema anataka kufa, au anayedhulumiwa, asingojee somo. Apelekwe hospitali, au habari zifikishwe kwa afisa wa watoto. Namba 116 hupigwa bure kutoka simu yoyote.

Sasa kazi yenu. Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri, na kipindi cha ushauri kwenye ratiba, lakini mara nyingi kemia inakimeza, hasa mitihani ikikaribia. Wazazi walio katika kikundi wamwone mwalimu mkuu pamoja na halmashauri ya shule, waombe saa hiyo moja ilindwe kwa muhula mmoja. Msiende kulaumu. Nendeni na kitu mkononi: majina ya vijana wawili, msichana na mvulana, waliomaliza kidato cha nne na wanaokaa nyumbani wakingoja chuo. Wawe wanaoweza kusikiliza, wala si lazima wawe waliopata alama za juu. Kikundi kiwape nauli na chakula cha mchana siku ya somo.

Majina hayo muyachague mkutano ujao, kabla ya kugawa pesa za mzunguko, maana zikishagawanywa watu huondoka.